Shahada ya sheria kwa miaka miwili: maswali yenu na majibu

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: shahada ya kwanza ya sheria ya Uingereza, LLB, inayosomwa kwa miaka 2 badala ya 3. Nimezifupisha, na zilizofanana nimeziunganisha. Ninaposema Uingereza hapa nina maana ya England na Wales. Scotland ina sheria yake na njia yake ya kuwapata mawakili.

Shikamoo mwalimu. Nimemaliza sekondari na nimepata nafasi ya kusoma sheria kwa miaka 2. Baba anasema hiyo ni shahada nusu. Ni kweli kuna kilichokatwa?

Marahaba. Kipo kilichokatwa, nacho ni likizo. Masomo hayajaguswa. Shahada ya kwanza kamili (wenyewe huiita "honours") ni krediti 360, na kila krediti huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi: mihadhara, semina, kusoma peke yako, insha na mitihani, vyote ndani. Jumla ni saa 3,600, usome kwa miaka 2 au 3.

Mpigie baba hesabu hii. Mwanafunzi wa miaka 3 ana saa 1,200 kwa mwaka. Akizigawa kwa wiki 30 za masomo anapata saa 40 kwa wiki. Wewe una saa 1,800 kwa mwaka, na wiki zako ni kati ya 40 na 45, kwa hiyo unapata saa 40 hadi 45. Umeona? Wiki yako haimzidi mwenzako kwa mbali. Ila ikifika Juni yeye anafunga begi, na wewe unafungua muhula mwingine. Niliowaona wakianguka hawakuangushwa na wiki moja ngumu. Walichoka polepole, kwa sababu hapakuwa na mahali pa kupumulia.

Wala si mtindo wa jana. Chuo cha Buckingham, ambacho ni cha binafsi, kilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1976 na kujijengea jina kwa shahada za miaka 2. Leo wapo pia University of Law na BPP, miongoni mwa wengine. Unachopata mwishoni ni LLB ileile.

Ambacho baba angeuliza kwa haki ni hiki: je, kichwa kinapata muda wa kuiva? Yapo masomo yanayovumilia haraka. Sheria ya mikataba na ya jinai unaweza kuzila kwa kasi, maana mifano yake iko kwenye maisha ya kila siku. Sheria ya ardhi na sheria ya amana hazina huruma hiyo. Mtu mmoja anamiliki kisheria, mwingine ndiye mwenye faida, na wa tatu anadai alichangia kununua nyumba. Mambo haya unayasoma leo, hayakuingii, kisha miezi 3 baadaye yanaingia ghafla ukiwa unafanya jambo jingine. Mwenzako wa miaka 3 anapewa miezi hiyo na kalenda. Wewe utajitengenezea mwenyewe: zisome sura za mwanzo za vitabu hivyo kabla kozi haijafika huko, hata bila kuelewa vizuri.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, nafanya kazi usiku. Naweza kufanya kazi huku nasoma hii ya miaka 2?

Dada, nitakujibu bila kuzunguka: ukiwa na kazi ya kutwa, usiichukue. Tumeona kozi inataka saa 40 na zaidi kwa wiki, karibu mwaka mzima. Hiyo tayari ni ajira. Ukiweka juu yake ajira ya pili na malezi, kitakachotolewa kafara ni usingizi, na kesi za mahakama hazisomeki kwa macho yanayofumba.

Kazi ya saa chache inawezekana. Wengi hufanya saa 8 au 10, na hapo uliza kwanza ratiba: vyuo vingine hukusanya vipindi kwenye siku 2 au 3 za wiki, vingine huvitawanya. Hiyo tofauti ina uzito kuliko jina la chuo.

Kama uko Uingereza kwa viza ya mwanafunzi wa shahada, kuna jambo la kuangalia. Kwa kawaida unaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula, na kutwa wakati wa likizo. Wanafunzi wa miaka 3 hutegemea kiangazi kuchuma ada ya mwaka unaofuata. Kwako kiangazi ni muhula. Bajeti iliyojengwa juu ya kazi ya Julai na Agosti itabomoka, na anayevuka saa zake anahatarisha viza yenyewe.

Kuna LLB ya muda wa ziada, ya miaka 4 hadi 6, jioni au kwa masafa. Haivutii kuitangaza, lakini kwa hali uliyoieleza ningeanzia huko.

Kweli ni rahisi kwa bei? Kila ninapoangalia naona ada ya mwaka ni kubwa kuliko ya kawaida.

Ya mwaka ni kubwa, ya jumla ni ndogo. Tangu mwaka wa masomo wa 2019/20 serikali iliweka kikomo maalumu cha ada kwa shahada za kasi nchini England. Kwa 2025/26 kikomo ni pauni 11,440 kwa mwaka, dhidi ya 9,535 za kozi ya kawaida. Kwa bei hizo, miaka 2 ni pauni 22,880, na miaka 3 ni 28,605. Unabakiza 5,725. Ongeza pango na chakula cha mwaka mmoja ambacho hutakilipia, na mshahara wa mwaka mmoja utakaouanza mapema.

Ila kikomo hicho ni cha wanafunzi wanaohesabiwa wenyeji. Mwanafunzi wa kimataifa hutozwa kadiri chuo kinavyopanga, na baadhi ya vyuo vya binafsi navyo vina bei zao. Kwa hiyo usilinganishe ada ya mwaka kwa mwaka. Omba barua yenye jumla ya kozi nzima, na uulize kama ada hupanda mwaka wa pili.

Mhadhiri ametupa kesi 14 za semina moja. Nasoma mpaka saa 8 za usiku na asubuhi nimesahau zote. Nifanyeje?

Swali hili limekuja kwa sura nyingi kuliko jingine lolote, kwa hiyo nitakaa nalo.

Kwanza, hakuna anayetegemea usome zote 14 neno kwa neno, hata kama hakuna anayelitamka. Kesi haziko sawa. Zipo zilizoweka kanuni, zipo zilizoinyoosha kidogo, na nyingine ni mifano tu ya kanuni ikifanya kazi. Za kwanza, ambazo kwa kawaida ni 2 au 3, zisome. Za pili soma muhtasari ulio juu ya hukumu na aya inayozungumziwa. Za tatu, sentensi moja inatosha. Utazijuaje? Soma kitabu cha kiada kabla ya kesi. Kesi ambayo mwandishi ameipa kurasa 2 si sawa na ile aliyoitupia kwenye tanbihi.

Chukua Donoghue v Stevenson ya mwaka 1932. Mwanamke alikuwa mkahawani Paisley, Scotland, na rafiki yake akamnunulia soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya rangi nzito, haionyeshi ndani. Alidai kwamba yaliyomiminwa mwishoni yalitoka na mabaki ya konokono, na kwamba aliugua. Hakuwa na mkataba na mtu yeyote, maana soda hakuinunua yeye. Basi akamshtaki mtengenezaji.

Wanafunzi wengi wanakariri konokono na kuishia hapo. Swali la sheria liko kwingine: je, mtengenezaji ana wajibu wa uangalifu kwa mlaji wa mwisho ambaye hana mkataba naye? Majaji 3 walisema ndiyo, 2 wakakataa. Lord Atkin, mmoja wa wale 3, akaeleza kwamba unapaswa kujihadhari usimdhuru jirani yako, na jirani kisheria ni yule anayeathiriwa na tendo lako kwa ukaribu kiasi kwamba ulipaswa kumfikiria. Hapo ndipo penye kiini. Sasa hili ndilo linalomtenga msomaji makini: konokono hakuwahi kuthibitishwa. Majaji waliamua swali la sheria tu, kwa kuchukulia kwamba madai ni kweli, na baadaye shauri likamalizwa kwa mapatano. Ukilijua hilo huwezi tena kuandika kwenye mtihani kwamba mahakama "ilikuta konokono".

Ukimaliza kesi kama hiyo, funga kitabu na uandike mistari 5 kwa maneno yako: kilichotokea, swali la sheria, jibu, sababu ya jibu, na aliyepinga alisema nini. Ukishindwa kuandika ukiwa umefunga, hukuisoma, uliitazama. Mstari wa tano usiuruke. Hoja ya jaji aliyeshindwa mara nyingi ndiyo inayokupa alama za juu kwenye insha, na majaji wa baadaye huirudia.

Halafu achana na muhtasari mrefu. Mwanafunzi wa miaka 2 hana wiki tupu kabla ya mtihani za kusoma daftari la kurasa 300. Kila Ijumaa chukua swali moja la mkasa, yaani kisa cha kubuni unachotakiwa kukitolea jibu la kisheria, kutoka mitihani iliyopita, liandikie jibu kwa dakika 45, hata vibaya. Utashangaa utakavyojua haraka ni kesi zipi zina kazi na zipi ni mapambo.

Lazima nijue Kilatini?

Hapana. Jifunze kuandika sentensi fupi.

Kampuni kubwa za mawakili zinaidharau shahada ya kasi?

Wanaosoma maombi wanaangalia daraja la shahada, uandishi wako na uzoefu. Sijaona dharau ya maana. Tatizo ni kalenda. Kampuni kubwa za London huchagua wanagenzi kama miaka 2 kabla ya kuanza kazi, na wanafunzi wa sheria huomba mwaka wao wa kabla ya mwisho. Kwa mwenzako huo ni mwaka wa pili, akiwa tayari na alama za mwaka mzima. Kwako ni mwaka wa kwanza, pengine hujafanya mtihani hata mmoja. Kisha zile wiki za kujaribu kazi za kiangazi zinagongana na vipindi vyako.

Kwa hiyo lenga nafasi za majira ya baridi na Pasaka, na andika maombi miezi ya mwanzo kabisa. Au kubali kuomba baada ya kuhitimu. Watu wengi wanafanya hivyo, na mwaka uliouokoa unakupa nafasi hiyo. Jiunge pia na kliniki ya sheria ya chuo, ambako wanafunzi huwasaidia watu kwa ushauri wa kisheria. Ili uwe solisita, yaani wakili wa kushauri wateja na kuandaa nyaraka, unahitaji miaka 2 ya uzoefu wa kazi unaotambuliwa, unaweza kuukusanya sehemu zisizozidi 4, na kazi ya kliniki inaweza kuhesabiwa.

Nina shahada ya uhasibu. Nirudi kusoma LLB ya miaka 2?

Inategemea unataka nini mwishoni. Tangu Septemba 2021 njia ya kuwa solisita ni mtihani wa SQE, na shahada ya somo lolote inakubalika. Sehemu yake ya kwanza ina maswali 360 ya kuchagua, kwa hiyo bado utahitaji kujifunza sheria, lakini si lazima kwa shahada nyingine. Kwa barista, yaani wakili wa kutetea mahakamani, sheria lazima uisome rasmi. Mwenye shahada nyingine hufanya kozi ya kubadili fani, kwa kawaida mwaka mmoja, kabla ya mafunzo ya ubarista na uanagenzi wa miezi 12. Oxford na Cambridge huwachukua wenye shahada na kuwasomesha sheria kwa miaka 2. Hiyo ni nzuri kwa anayeipenda sheria kama taaluma ya fikra. Kama unataka leseni tu, ndugu yangu, usilipie miaka 2.

Nikihitimu Uingereza, nitaweza kuwa wakili nchi nyingine?

Shahada inakufundisha sheria ya England. Kila nchi ina chombo chake cha kutambua shahada za nje, na baadhi huhesabu masomo moja moja, hata muda wa kozi. Waandikie kabla ya kulipa ada, ukiambatanisha orodha ya masomo, na uombe jibu la maandishi. Neno la wakala wa chuo halitoshi.

Niko mwaka wa kwanza. Niliugua wiki 2, sasa niko nyuma kwenye kila somo. Nianzie wapi?

Anzia wiki hii. Kosa la kawaida ni kurudi pale ulipoachia na kufuata kwa mpangilio. Kwenye kozi ya kasi hutafika, maana darasa halikungoji. Soma ya semina inayokuja, na kila linapotajwa jambo la wiki ulizokosa, rudi ulisome hilo tu. Mihadhara iliyorekodiwa isikilize ukiwa njiani.

Jambo la pili ni karatasi. Iandikie ofisi ya kozi, ambatanisha cheti cha daktari, omba kuongezewa muda na uliza tarehe ya mwisho ya kuwasilisha sababu za kiafya. Maombi yanayokuja baada ya matokeo hupokewa kwa shaka. Ukifeli somo, marudio yako huenda yakaangukia katikati ya muhula mwingine, kwa hiyo muda wa kuongezewa sasa una thamani kubwa kuliko huruma ya baadaye. Uliza vilevile kama chuo kinaruhusu kuhamia mkondo wa miaka 3, na kama uko kwa viza, pitia kwanza kwa mshauri wa wanafunzi wa kimataifa. Barua pepe hiyo itume leo, na semina ya kesho nenda hata kama hujasoma ukurasa mmoja.