Polikaboneti kwenye toroli la juisi ya miwa: kweli haivunjiki, ila inakufa

Mkuu, umesema kioo cha toroli lako la juisi kimepasuka mara mbili, na muuza duka kakwambia uweke polikaboneti, ile plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, pande zote kwa sababu "haivunjiki". Hajakudanganya. Ila hadithi hajaimaliza, na kipande kilichobaki mimi nilikinunua kwa hela yangu.

Naunda matoroli ya vyakula hapa Dar. Mwanzo nilikuwa naweka kioo cha milimita 4. Toroli linadunda kwenye mashimo kutwa nzima, ufa unaanzia kwenye kona, kesho yake kazi imekwisha. Nikahamia akriliki, plastiki nyingine inayofanana na kioo. Hiyo ilikuwa inapasuka kwenye matundu ya skrubu, mara nyingine hata kabla sijamaliza kutoboa. Ndipo nikapata polikaboneti ya milimita 3. Mteja alipokuja kuchukua toroli lake nikampa nyundo apige mwenyewe. Nyundo ikadunda, pakabaki kialama tu. Siku ile nilitembea kifua mbele!

Miezi minne haijaisha, toroli likarudi. Upande wa mbele una nyufa nyembamba kama utando wa buibui, zote zinaanzia kwenye skrubu, na hakuna aliyelipiga. Nikamhoji kijana anayelisukuma. Kumbe alibandua stika, gundi ikabaki, akaifuta kwa petroli.

Nusu ya kosa ilikuwa yangu. Skrubu nilizikaza kwa drili mpaka washa, yaani vile vipete vya chini ya kichwa cha skrubu, zikazama, kwa hiyo plastiki ilikuwa imebanwa, ina mkazo ndani yake muda wote. Polikaboneti iliyo kwenye mkazo ikiguswa na petroli, tina ya kuyeyushia rangi au asetoni inapasuka yenyewe. Hata washa za plastiki laini ya PVC zinaweza kuifanyia hivyo polepole, maana mafuta yanayolainisha PVC huhamia kwenye shiti, yaani bamba lenyewe la polikaboneti. Siku hizi natumia washa za mpira wa EPDM, na maagizo ya usafi ni maji, sabuni ya kawaida na kitambaa laini, basi.

Halafu kuna joto. Polikaboneti hurefuka takriban milimita 0.065 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Shiti ya mita 1.2 ikitoka nyuzi 25 asubuhi ikafika 60 imeegeshwa juani, imeongezeka karibu milimita 2.7. Ukiwa umetoboa tundu sawasawa na skrubu, hiyo nyongeza itakwenda wapi? Skrubu ya milimita 4 mimi naitobolea tundu la 7, na naikaza kwa mkono mpaka shiti iache kucheza. Kona za ndani nazikata kwa mviringo, kwa sababu kona kali ndiyo mlango wa ufa.

Sasa swali lako la "pande zote". Mimi nisingefanya hivyo. Polikaboneti ni laini, inakwaruzika vibaya. Juisi ya miwa inanata, vumbi la barabara linaganda juu yake, kijana akipitisha kitambaa hapo ni sawa na msasa. Sehemu ya juu anayotazama mteja, ambayo haigongwi na inafutwa kila saa, niachie kioo kilichoimarishwa kwa joto. Chini, upande wa barabarani, weka polikaboneti. Kwenye kinga ya roli, zile zinazokamua miwa, pia weka polikaboneti, tena hapo usijadiliane na mtu: kioo kikivunjika juu ya roli kinaingia kwenye juisi. Itachakaa kwa mikwaruzo, ndiyo, kwa hiyo ifanye kipande kidogo cha kufungua kwa skrubu mbili ukibadilishe.

Ukienda dukani, angalia usiuziwe akriliki kwa bei ya polikaboneti. Omba kipande chembamba ukikunje kwa koleo: akriliki inakatika pa!, polikaboneti inapinda tu. Ukikiwasha kwa kiberiti, akriliki inaendelea kuwaka. Polikaboneti inatoa moshi mweusi na kwa kawaida inazimika ukiondoa moto. Pia uliza kama shiti ina tabaka la kukinga jua. Mara nyingi liko upande mmoja tu, ule ambao nailoni iliyoufunika ina maandishi, na ndio unaotazama nje. Niliwahi kuligeuza, shiti ikawa njano kama meno ya mvuta sigara.

Jagi nalo? Hapo sikushauri polikaboneti. Inatengenezwa kwa kemikali ya BPA, na kiasi kidogo kinaweza kuhamia kwenye kinywaji. Umoja wa Ulaya uliizuia kwenye chupa za watoto mwaka 2011, na mwaka 2024 ukapanua katazo kwa vifaa vingine vinavyogusa chakula. Nunua jagi la stili. Likianguka linabonyea tu, na ukilisugua kwa stili waya hakuna atakayelalamika.