EPUB inafunguka kwenye simu lakini duka linaikataa

Mkuu, umeuliza kwa nini EPUB yako, yaani faili la kitabu chako cha kielektroniki, inafunguka vizuri kwenye simu, ila ukiipeleka duka la mtandaoni inarudishwa. Natengeneza vitabu vya kielektroniki hapa Mwanza, na wateja wangu wengi hukwama papo hapo. Programu ya kusomea kazi yake ni kumpa msomaji maandishi, hivyo kosa linalorukika inaliruka kimya kimya. Duka haliruki.

EPUB ni faili la ZIP, yaani mfuko mmoja wenye mafaili mengi yaliyobanwa pamoja. Cha kwanza ndani yake lazima kiwe kifaili kiitwacho mimetype, kisichobanwa, chenye maneno application/epub+zip tu. Kimewekwa mwanzo ili programu ijue aina ya mzigo kabla ya kuufungua, kama jina linaloandikwa juu ya gunia la dagaa pale Mwaloni Kirumba. Ukiifungua EPUB, ukarekebisha neno, halafu ukaibana upya kwa programu yoyote ile ya ZIP, kifaili hicho mara nyingi huhama nafasi au hubanwa pamoja na vingine. Hapo simu haisemi kitu.

Baada ya hapo husomwa META-INF/container.xml, inayoonyesha lilipo faili la OPF. Humo mna orodha ya kila kilichomo, mfuatano wa sura, na lugha ya kitabu. Tafadhali sana, lugha andika sw. Nakutana na vitabu vingi vya Kiswahili vilivyoandikwa en kwa sababu tu programu ya kutengenezea iliweka hivyo yenyewe. Matokeo yake, asiyeona anayesomewa na simu kwa sauti anaweza kusikia Kiswahili kikitamkwa Kizungu, asielewe hata sentensi moja. Na hili hakuna mkaguzi atakayekuambia, maana en ni msimbo halali. Linaniuma kuliko makosa mengine yote, kwa kuwa kulirekebisha ni kubadili herufi mbili.

Sura zenyewe ni XHTML, yaani lugha ya kurasa za tovuti yenye kanuni kali, na huko hakuna huruma. Alama moja isiyofungwa, au   (alama ya nafasi) iliyonakiliwa kutoka tovuti, inatosha kuharibu sura nzima. Programu nyingine huonyesha maandishi mpaka penye kosa kisha hukata, nyingine hubahatisha zikaendelea. Ndiyo maana kufunguka kwenye simu yako si ushahidi.

Pakua EPUBCheck, programu ya kukagua EPUB. Ni ya bure, inatunzwa na DAISY Consortium kwa niaba ya W3C, shirika linaloweka viwango vya wavuti, inataka programu ya Java kwenye kompyuta, na ukishaipakua haili bando. Itakutajia faili, mstari na msimbo wa kosa. Anza na yaliyoandikwa FATAL, ndipo uje kwenye ERROR, na ukague upya kila unaporekebisha, kwa sababu kosa moja la juu huzaa mengi chini yake. PKG-006 maana yake mimetype haipo au haikukaa mwanzo. Ukiona RSC-016, mara nyingi kuna sura ambayo XHTML yake imevunjika.

Ukikwama, bandika ripoti hapa pamoja na ile mistari inayolalamikiwa, tuiangalie.