Kwa walimu wapya wa Historia: namna ya kumfundisha Kaisari Wilhelm II

Walimu wenzangu mnaoanza kazi, mtakapofika kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia mtamkuta Kaisari wa Ujerumani anaingia darasani kama jina tu: alitawala, akashindwa, akakimbia. Nawaomba msimpitishe hivyo. Maisha yake ni nafasi nzuri ya kumzoesha mwanafunzi kupima habari kabla ya kuikubali. Tena sisi wa huku Afrika Mashariki tuna kila sababu ya kumjua, maana watu wetu walitozwa kodi, walinyongwa na walipelekwa vitani kwa jina lake.

Anzeni kwa tarehe. Ziwekeni ubaoni kabla ya kusimulia lolote: alizaliwa Berlin 27 Januari 1859, alirithi kiti 15 Juni 1888, alianguka Novemba 1918, alifariki Doorn, Uholanzi, 4 Juni 1941. Zitawasaidia mara moja. Mwanafunzi atawaambia kwamba Kaisari huyu ndiye aliyempa Carl Peters, Mjerumani aliyekusanya mikataba ya ardhi huku, hati ya ulinzi. Hati ile ilitolewa Februari 1885, na aliyekuwa madarakani ni babu yake, Wilhelm I. Mwaka 1888 Ujerumani ilipata makaisari watatu: babu alifariki mwezi Machi, mwanawe Friedrich III akatawala siku 99 huku saratani ya koo ikimmaliza, ndipo akaja huyu kijana wa miaka 29. Majina yanafanana, kwa hiyo kila anayesema "Wilhelm" mtakeni aseme ni yupi.

Halafu kuna ile hadithi ya Kilimanjaro, kwamba Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake mlima siku ya kuzaliwa, na ndiyo maana mpaka wa Kenya na Tanzania unapinda pale. Msiikate kwa kusema tu kwamba ni uongo. Waulizeni wanafunzi makubaliano ya mpaka yalifanyika lini. Ni 1886. Nani alikuwa Kaisari 1886? Hapo watacheka na kujirekebisha wenyewe, na somo hilo hawatalisahau. Kisha waonyesheni kwenye ramani kilichogombewa: Wajerumani walipata mlima, Waingereza wakabaki na Mombasa. Jina la Wilhelm lilibandikwa kileleni mwaka 1889, Hans Meyer alipofika juu ya Kibo na kupaita Kaiser-Wilhelm-Spitze, mahali tunapopaita leo Kilele cha Uhuru. Lushoto nayo iliitwa Wilhelmstal. Mwenye jina hakukanyaga huku hata mara moja.

Mkataba wa Heligoland wa 1 Julai 1890 ni wa enzi zake kweli, na ulikuja miezi michache baada ya kumwondoa Bismarck kwenye ukansela. Ujerumani iliachia Witu, kwenye pwani ya Kenya ya leo, na madai yake juu ya Zanzibar, ikapewa Heligoland, kisiwa kidogo cha Bahari ya Kaskazini. Wanafunzi wanalikariri hilo tangu kidato cha tatu, msipoteze muda mwingi hapo.

Tumieni muda kwenye suala la nani alihusika na nini. Kuna walimu wanaomtwika Kaisari kila jambo, na kuna wanaomfanya mtu wa kuvaa sare tu huku majenerali wakitawala. Kote kuwili ni kukwepa kazi. Fuateni maagizo na uteuzi. Mwaka 1904, kule Namibia ya leo, Jenerali von Trotha aliyewaangamiza Waherero alichaguliwa na Kaisari mwenyewe. Tarehe 27 Julai 1900, bandarini Bremerhaven, aliwaaga askari waliokuwa wanakwenda China akawaambia wasimhurumie adui wala wasichukue mateka, wawe kama Wahun, wapiganaji wa kale wa mfalme Attila. Serikali yake ilitoa nakala iliyochujwa, lakini waandishi wa habari waliokuwapo walikwisha kuyanukuu maneno yenyewe. Wekeni nakala mbili za hotuba hiyo mezani, hata kwa vifungu vifupi, muulize ipi ni ya kuaminiwa na kwa nini. Kipindi kimoja cha namna hiyo kinamjenga mwanafunzi kuliko kurasa kumi za kunakili.

Kuhusu mkono wake wa kushoto, ulioumia wakati wa kuzaliwa na kubaki mfupi na dhaifu: utajeni, lakini msiufanye chanzo cha vita. Watu wengi duniani wana ulemavu na hawakumvamia mtu. Darasani kwenu pengine wamo.

Sasa anguko lenyewe. Hapa nendeni polepole, saa kwa saa mkiweza. Asubuhi ya 9 Novemba 1918 Kaisari alikuwa Spa, Ubelgiji, kwenye makao makuu ya jeshi. Mabaharia walikuwa wameasi kuanzia Kiel, bandari ya jeshi la majini, na Berlin wafanyakazi walikuwa wamejaa barabarani. Yeye alikuwa bado anafikiria kuliongoza jeshi lirudi nyumbani kuzima mapinduzi. Jenerali Groener akamwambia wazi kwamba jeshi litarudi kwa amani chini ya makamanda wake, si chini ya Kaisari. Wakati huko Spa wakiendelea kujadiliana, Chansela Max von Baden alitangaza Berlin kwamba Kaisari amejiuzulu. Hakuwa amejiuzulu. Alasiri ileile Scheidemann, mwanasiasa wa Kisoshalisti, akasimama kwenye dirisha la Bunge na kutangaza jamhuri.

Alfajiri ya tarehe 10 alifika mpakani Eijsden, Uholanzi. Waonyesheni picha ya pale stesheni: mtu aliyeamuru mamilioni ya askari yuko kwenye jukwaa la treni na maofisa wachache, wakisubiri serikali ya nchi nyingine iamue kama atapokelewa. Tarehe 11, siku ileile bunduki ziliponyamaza Ulaya, aliingia kwenye kasri la Amerongen kama mgeni. Karatasi ya kujiuzulu aliitia sahihi hukohuko, 28 Novemba.

Mwanafunzi makini atauliza: na askari wa huku je? Hilo ni swali la thamani, lipeni nafasi yake. Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani huku, alipata habari za kusitishwa kwa vita tarehe 13 Novemba, kutoka kwa mjumbe wa Kiingereza mwenye pikipiki aliyekamatwa, akiwa ndani ya Zambia ya leo. Askari wake Waafrika na wapagazi waliobaki hai walifika Abercorn, yaani Mbala, na silaha zikawekwa chini 25 Novemba. Vijiji walivyopita vilikuwa vimeporwa chakula na pande zote mbili, na hakuna aliyekuja kuwaeleza wanavijiji wale kwamba aliyepiganiwa alikuwa amekwisha kukimbia.

Miaka ya Uholanzi msiiruke, maana ni zaidi ya ishirini na miwili, na mitego yake ni mingi. Alinunua nyumba Doorn, akahamia 1920. Ukiingia kwenye jumba hilo, ambalo sasa ni makumbusho, unakuta kwenye meza yake ya kuandikia kiti kilichotengenezwa kama tandiko la farasi. Alikuwa akikata miti na kupasua kuni karibu kila siku. Mkewe Augusta Victoria alifariki Aprili 1921, na hakuruhusiwa kulisindikiza jeneza hadi Potsdam. Wanafunzi wenye huruma wataanza kumwona mzee mpweke aliyedhulumiwa, na huruma si dhambi, ila wapeni na yaliyobaki. Samani na vitu vyake vilimfuata kutoka Ujerumani kwa mabehewa 59. Mwaka 1926 Wajerumani walipiga kura kama mali za wafalme wa zamani zitaifishwe. Waliosema ndiyo walizidi milioni 14 lakini hawakufika nusu ya wapigakura wote walioandikishwa, na ukoo wake ukabaki na mali nyingi. Mkataba wa Versailles uliofunga vita na Ujerumani, kifungu cha 227, ulitaka ashtakiwe. Uholanzi ikakataa kumtoa. Barua zake za uhamishoni zimejaa chuki dhidi ya Wayahudi, aliowabebesha lawama ya kuanguka kwake, na Ufaransa ilipopigwa Juni 1940 alimpelekea Hitler simu ya maandishi ya pongezi. Ni kweli Hitler hakutaka kumrudishia kiti, na ni kweli mzee aliagiza pasiwe na alama za Kinazi kwenye mazishi yake. Hayo mawili hayafuti yale mengine.

Kwa jaribio la mwisho wa mada, swali ninalolipenda ni hili: askari wa Lettow walipoweka silaha chini Abercorn, Wilhelm alikuwa bado Kaisari au la? Atakayeshika tangazo la Max na jamhuri ya tarehe 9 ana hoja. Atakayeshika sahihi ya tarehe 28, siku tatu baada ya Abercorn, naye ana hoja. Wapeni wote alama kamili ikiwa wameeleza nini humwondoa mtawala madarakani. Aliyejibu ndiyo au hapana bila sababu apate nusu, kisha mrudishieni karatasi ajaribu tena.