Maswali ya Wasomaji: Maiki Inapopiga Shoti Mdomoni

Swali: Napiga gitaa la besi kwenye kwaya hapa Ujiji. Nikiimba, mdomo ukigusa maiki napigwa shoti. Nikivaa raba inapungua, nikiwa peku ni balaa. Fundi anasema ni kawaida, nivishe maiki sponji. Ni kweli?

Jibu: Si kawaida, ndugu yetu, na sponji haitibu kitu. Usiishike tena maiki hiyo mpaka kosa lipatikane.

Mkono wako uko kwenye nyuzi, na nyuzi zimeungana na bodi la chuma la amplifaya ya gitaa. Mdomo uko kwenye wavu wa maiki, ambao kupitia waya wake umeungana na bodi la mikisa. Mabodi yote mawili yakiwa na ethi nzima, yaani waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja, hakuna tofauti ya volti kati yake na huhisi chochote. Ukihisi, bodi moja limepoteza ethi na umeme unapita kwako. Raba inaziba njia ya miguuni tu. Ile ya mkononi hadi mdomoni iko palepale.

Anzeni kutafuta kwenye ekistensheni. Spika na amplifaya nyingi zinazoagizwa nje zina plagi ya mviringo yenye pini mbili nene, na ethi yake ni vibati viwili vya ubavuni. Ukiichomeka kwenye ile ekistensheni inayopokea kila aina ya plagi, pini zinaingia, muziki unalia, lakini vibati vinaelea hewani. Wengine huingiza kijiti au mfuniko wa kalamu kwenye tundu la juu la soketi ili matundu ya chini yafunguke, kisha wanasukuma pini mbili. Hapo ethi haipo kabisa. Kateni plagi hiyo, mfunge ya pini tatu bapa yenye fyuzi: waya wa kahawia upande wa fyuzi, bluu upande wa pili, njano-kijani pini ya juu. Huo wa njano-kijani uachwe mrefu kuliko wenzake ndani ya plagi, ili waya ukivutwa uwe wa mwisho kuchomoka.

Kwa nini leo unakuwasha tu bila kukuangusha? Mitambo mingi ya kisasa ina kapasita ndogo kati ya waya wa moto na bodi, na nyingine kati ya niutro (waya wa kurudisha umeme) na bodi. Ethi ikikosekana, bodi hukaa kwenye volti 115 hivi, nusu ya 230, lakini mkondo unaovuja huwa mdogo, mara nyingi chini ya miliampea 1. Hicho ndicho kiwango ambacho mwili huanza kuhisi. Kwenye miliampea 10 hivi mkono unaweza kujifunga ushindwe kuachia. Ikipita 30, moyo unaweza kupoteza mapigo yake. Na uvujaji hujumlishwa: mitambo minane kwenye ekistensheni moja iliyokatika ethi inavuja kwa pamoja. Baya zaidi, siku waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa bodi, fyuzi haitakatika kwa kuwa umeme hauna pa kurudi. Bodi litabaki na volti 230 kamili, kimya, likisubiri mkono.

Pimeni kwa multimita, si kwa tesita ya bisibisi. Kitaa chake kinaweza kuwaka kwa uvujaji mdogo sawa na kwa moto kamili. Wekeni volti za AC, renji ya 600 au 750. Ncha moja kwenye wavu wa maiki, nyingine kwenye nyuzi za gitaa, mkishika plastiki tu. Chini ya volti 2, salama. Zikiwa makumi, zimeni kwenye swichi kuu. Kwenye soketi, moto na niutro zitoe 230 hivi, moto na ethi vilevile, niutro na ethi volti chache tu. Namba ya moto na ethi ikiyumba au ikishuka sana, soketi haina ethi. Mwisho chomoeni amplifaya, mpime omu kutoka pini ya ethi ya plagi hadi skrubu ya bodi: isizidi omu 1.

Swali: Napiga muziki wa harusi Tabora mjini. Nikiunganisha laptopu kwenye mikisa, spika zinavuma "mmm" mfululizo. Mwenzangu alikata pini ya ethi ya mikisa na mvumo ukaisha. Nifanye hivyo kwa mitambo yote?

Jibu: Hapana, na hiyo aliyokata irudishwe leo. Mvumo huo huja pale ethi inapokuwa na njia mbili: moja kupitia soketi, nyingine kupitia waya wa sauti. Mduara huo unanasa umeme wa hezi 50 na kuuingiza kwenye muziki. Tatizo liko upande wa sauti, kwa hiyo likatwe upande wa sauti.

Kwanza, laptopu, mikisa na spika zote zichukue umeme sehemu moja. Hilo peke yake humaliza mvumo mara nyingi. Kisha chomoa chaja ya laptopu. Mvumo ukikoma, weka kati ya laptopu na mikisa kiboksi cha DI (kifaa kidogo cha kupitishia sauti) chenye transfoma na ubonyeze swichi yake ya kuinua ethi. Swichi hiyo inakata ngao ya waya wa sauti tu, ethi ya umeme inabaki mahali pake. Kama spika yenye amplifaya ndani iko mbali na bado inavuma, tengeneza waya mmoja wa XLR (ule wa sauti wenye pini tatu) ambao pini namba 1 haijaunganishwa upande wa spika, uufunge utepe mwekundu. Usije ukautumia kwenye maiki inayotaka volti 48 za mikisa, haitafanya kazi.

Swali: Tunakodisha jenereta ya kVA 5 kwa sherehe za vijijini Urambo. Fundi amefunga breka ya kukata umeme ukivuja, ya miliampea 30. Inatosha?

Jibu: Inategemea kitu kimoja ambacho wengi hawakiangalii. Kwenye jenereta nyingi ndogo niutro haijaunganishwa na bodi. Ikiwa hivyo, umeme ukivuja hauna njia ya kurudi, na breka inaweza isikate kabisa. Fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, aunganishe niutro na bodi mahali pamoja tu, kabla ya breka, na apigilie fimbo ya shaba ya mita 1.2 au zaidi. Kiangazi cha Tabora udongo hukauka sana na ethi inadhoofika, kwa hiyo mwagieni maji pale fimbo ilipo. Kitufe cha majaribio cha breka kibonyezwe kabla ya kila sherehe.

Waya wa kutoka jenereta uwe wa nyuzi tatu, milimita za mraba 2.5. Kwenye mita 50 na ampea 10 unapoteza volti 7 hivi, wa 1.5 unapoteza 12. Waya huo ukiwa kwenye gurudumu, ufunguliwe wote, maana uliozungushwa hujipasha moto mpaka plastiki inayeyuka.

Swali: Tunabatiza Ziwa Tanganyika, upande wa Kibirizi. Mchungaji anaweza kuingia majini na maiki ya waya?

Jibu: Asiingie nayo, hata kama mikisa iko mbali ufukweni. Tarehe 30 Oktoba 2005, mchungaji Kyle Lake wa Waco, Texas, alikufa kanisani kwake baada ya kugusa maiki akiwa amesimama kwenye maji ya ubatizo. Tumieni maiki isiyo na waya, yenye betri mbili za volti 1.5. Kipokezi chake, ekistensheni na spika vibaki juu, mahali pakavu ambapo wimbi halifiki. Msaidizi anayeingia majini naye asiguse kitu chochote chenye waya mpaka atoke na kujikausha.