Jibu: CNMG inatetemeka kwenye mashine ndogo ya kereza

Sheikh wangu, umeuliza kwa nini kipande chako cha kukatia chuma, cha kabaidi (kitu kigumu kuliko chuma), aina ya CNMG 120408, kinatetemeka ukikereza shafti ya boti ya stenlesi. Hapa Malindi shafti hizo tunazo kila siku, na kwangu tatizo ni umbo la kipande, si ubora wake. Herufi ya pili ya jina lake, N, maana yake ubavu wa kipande hauna mteremko, digrii 0. Ndiyo maana hugeuzwa juu chini ukapata ncha 4, lakini husukuma chuma kwa nguvu na mashine nyepesi haihimili. Jaribu kipande cha CCMT, chenye ubavu wa mteremko wa digrii 7: ncha 2 tu, ila inakata kwa ulaini. Kishikio cha kipande nacho utabadilisha. Na tafadhali usikwangue juujuu, stenlesi ikisuguliwa huzidi ugumu.