Wasomaji Wauliza: Duka Likifungwa, Nani Anamdai Nani?

Barua nyingi zilizotufikia kutoka Arusha na Moshi zinahusu kufungwa kwa maduka makubwa na kuhamia kwa biashara kwenye simu. Tumechagua tano, tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi kama walivyoomba.

Swali: Ndugu Mhariri, supamaketi iliyokuwa jirani na kwetu imefungwa. Kijana wangu aliye chuoni ananiambia kwamba Marekani na Uingereza nako maduka yanafungwa kwa sababu watu wananunua mtandaoni, na kwamba sisi tunafuata njia hiyo hiyo. Je, ni kweli kwamba simu ndiyo iliyoliua duka letu? (Mzee wa Njiro, Arusha)

Jibu: Shikamoo Mzee. Kijana wako hakukosea kuhusu huko alikokutaja. Marekani, mwaka 2024, takriban asilimia 16 ya mauzo ya rejareja yalifanyika mtandaoni, na Uingereza sehemu hiyo imepita robo ya mauzo yote. Kampuni ya Debenhams, iliyokuwa na maduka katika miji mingi ya Uingereza, ilifunga maduka yake ya mwisho Mei 2021, na jina lake pamoja na tovuti vikanunuliwa na Boohoo, kampuni inayouza nguo mtandaoni, ambayo haikuyataka majengo wala wafanyakazi waliokuwamo.

Hata hivyo, ukichunguza vifo vya makampuni hayo kimoja kimoja, mara nyingi utakuta deni lilitangulia na mtandao ukaja kumalizia. Toys "R" Us, iliyouza vitu vya kuchezea watoto, ilinunuliwa mwaka 2005 kwa zaidi ya dola bilioni 6, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mikopo ambayo kampuni yenyewe ilibebeshwa. Kila mwaka ililipa riba ya mamia ya mamilioni ya dola, fedha ambazo zingeweza kukarabati maduka na kujenga mauzo ya mtandaoni. Iliomba ulinzi wa mahakama mwaka 2017, na mwaka uliofuata ikafunga maduka yake ya Marekani. Woolworths ya Uingereza ilianguka mwishoni mwa mwaka 2008 ikiwa na madeni mazito, wakati ambapo ununuzi wa mtandaoni nchini humo ulikuwa bado sehemu ndogo tu ya biashara. Takriban maduka 800 yalifungwa na watu wapatao 27,000 wakapoteza kazi.

Turudi nyumbani, maana hapa ushahidi uko wazi zaidi. Mwaka 2014 Shoprite ya Afrika Kusini iliwauzia Nakumatt wa Kenya maduka yake ya Tanzania, likiwamo lile la hapa Arusha, na wakati huo Nakumatt ilikuwa tayari na duka Moshi. Mwaka 2015 Uchumi, nayo ya Kenya, iliondoka Tanzania na Uganda. Nakumatt haikudumu: maduka yake yalifungwa moja baada ya jingine, na Januari 2020 wadai wake nchini Kenya walipiga kura kampuni ifilisiwe, ikiwa inadaiwa zaidi ya shilingi bilioni 30 za Kenya. Sasa jiulize, Mzee, katika miaka hiyo ni wakazi wangapi wa Arusha waliokuwa wakiagiza sukari na sabuni kwa simu? Jumia yenyewe, kampuni kubwa ya kuuza mtandaoni, ilifunga shughuli zake za Tanzania Novemba 2019. Kama simu ndiyo iliyoua supamaketi, isingewezekana kampuni inayouza kwa simu ikafunga shughuli zake hapa ndani ya kipindi hicho hicho.

Kinachoziua supamaketi ni namna zinavyoendeshwa. Supamaketi kubwa hainunui bidhaa kwa fedha taslimu. Huletewa mzigo leo na kuulipia baada ya siku 30, 60 au hata 90, huku mteja akilipa papo hapo. Kwa hiyo fedha iliyomo kwenye droo ya keshia, kwa sehemu kubwa, ni mali ya msambazaji ambaye hajalipwa. Mwenye busara huitumia kurudisha bidhaa kwenye rafu. Mwenye pupa huitumia kufungua tawi jipya katika mji mwingine, na tawi hilo nalo hujazwa kwa mkopo. Siku mauzo yanapolegea, msambazaji wa kwanza husimamisha gari lake, kisha wa pili, na mteja anayekosa unga mara mbili haji mara ya tatu. Naamini hata duka lako lilitoa dalili: pakiti za chumvi zilizopangwa mstari mmoja mbele ili rafu ionekane imejaa ilhali nyuma ni patupu, na aina moja ya juisi iliyotandazwa mahali palipokuwa na aina sita.

Wateja wa supamaketi hizo hawakuhamia mtandaoni. Wengi walirudi Soko Kuu, Kilombero na kwenye duka la Mangi wa mtaani, ambaye hana tawi jingine la kulisha. Mtandao utakuja kuyasumbua maduka yetu, na kwa nguo, viatu na vifaa vya umeme umekwisha kuanza. Lakini duka litakalotetereka kwanza ni lile ambalo fedha zake si zake.

Swali: Nasindika mtindi nyumbani Machame na kuupeleka kwenye duka moja kubwa mjini Moshi. Wananidai uvumilivu kila ninapodai fedha. Sasa ni miezi mitatu. Meneja anasema nikiacha kuleta mzigo nitajiondoa kwenye orodha ya watakaolipwa. Nifanyeje? (Mama msindikaji, Machame)

Jibu: Mama, usipeleke mtindi mwingine kwa mkopo. Tunakuambia hivyo tukijua kwamba duka hilo huenda ndilo mnunuzi wako mkubwa. Maneno ya meneja yana lengo la kukufanya uendelee kumkopesha, kwa sababu katika hali ilivyo wewe ndiwe benki yake, tena benki isiyotoza riba wala kushika dhamana.

Kampuni inapofilisiwa, mali yake haigawanywi sawa kwa sawa. Benki zilizoshika hati za majengo au mali nyingine huchukua kwanza kile kilichowekwa rehani kwao. Mishahara na kodi hupewa kipaumbele kwa kiwango kinachowekwa na sheria. Msambazaji ambaye hana chochote mkononi isipokuwa ankara husubiri nyuma, pamoja na wengine kama yeye, na mara nyingi kinachowafikia ni kidogo mno au hakipo kabisa. Sheria haibagui kati ya kiwanda kikubwa na mama wa Machame: wote wawili ni wadai wasio na dhamana. Tofauti ni kwamba kiwanda kitastahimili hasara hiyo, wakati kwako hizo ni fedha za maziwa uliyoyachukua kwa majirani, nao wanakudai.

Yako mambo ya kufanya wiki hii. Kusanya hati zote za kupokelea mzigo na uhakikishe kila moja ina sahihi, tarehe na mhuri wa duka. Ile iliyopokelewa kwa mdomo tu, omba iandikiwe sasa wakati watu waliopokea bado wako kazini. Kisha mwandikie mhasibu wa duka ukimwomba athibitishe kwa maandishi jumla ya fedha unazolidai duka, maana deni lililokiriwa kwa barua ni rahisi kulidai mahakamani au kwa mfilisi kuliko deni la kusimuliwa. Endapo mfilisi atateuliwa, mpelekee madai yako mapema bila kungoja uitwe.

Kuhusu mauzo ya mbele, toa masharti yako: mzigo wa leo ulipwe kabla mzigo unaofuata haujashushwa. Wafanyabiashara wa bidhaa zisizooza, kama vikapu au asali, wanaweza kukubali mali kauli, kwa kuwa kisichouzwa hurudi mikononi mwao. Mtindi haurudi. Kwa bidhaa inayoharibika, mkopo wa siku saba ni mrefu wa kutosha, na duka linalosema haliwezi kulipa ndani ya siku saba kitu lilichokwisha kukiuza ndani ya siku tatu limekueleza hali yake ya fedha bila wewe kuuliza.

Swali: Mimi ni keshia Moshi mjini, nimefanya kazi miaka sita katika duka moja. Tumeambiwa kwa mdomo kwamba mwisho wa mwezi tawi linafungwa, na kuna karatasi tunatakiwa kusaini kwamba tumeacha kazi kwa hiari. Nisaini? (Dada keshia, Moshi)

Jibu: Usisaini, Dada. Anayeacha kazi kwa hiari na anayepunguzwa kazi hawana haki sawa, na karatasi hiyo inakuhamisha kutoka kundi moja kwenda jingine.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi kwa sababu za kiuendeshaji, kufungwa kwa tawi kukiwamo, atoe taarifa ya kusudio lake, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao kuhusu njia za kuepuka au kupunguza hatua hiyo na kuhusu malipo. Tangazo la mdomo mbele ya kaunta halitoshi. Kwa anayelipwa kwa mwezi, notisi haipungui siku 28, au alipwe mshahara badala ya notisi. Unastahili pia mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, cheti cha utumishi, na kama uliajiriwa kutoka mahali pengine, gharama za kukurudisha huko.

Kisha kuna kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Tuchukue mfano wa mtu anayelipwa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi na kufanya kazi siku sita kwa wiki. Siku moja yake ni shilingi 15,000. Kwa miaka sita ni siku 42, yaani shilingi 630,000. Hizo ndizo fedha ambazo sahihi yako ingeweza kuzifuta.

Ukiachishwa bila utaratibu huo, peleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Wengi hupoteza haki kwa kungoja ahadi za mwajiri hadi muda huo unapita. Vilevile nenda NSSF mapema uangalie kama michango yako iliwasilishwa kweli, kwa maana mwajiri anayeishiwa fedha mara nyingi huanza kuchelewesha michango kabla ya mishahara, na uulize masharti ya fao la kukosa ajira.

Swali: Niliagiza viatu kwa muuzaji wa Instagram aliyeko Dar es Salaam, nikalipa kwanza, vikaja kwa basi. Nilipofungua nyumbani nikakuta si vile vya kwenye picha, na sasa hapokei simu. Nina haki gani? (Msomaji wa Sakina, Arusha)

Jibu: Haki unayo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni ajitambulishe kwa jina na anwani na aeleze sifa za bidhaa, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi. Ugumu ni kumpata wa kumshtaki. Tunza mazungumzo, picha na ujumbe wa malipo, toa taarifa polisi, na namba iliyotumika kukutapeli itume kwenda 15040. Safari nyingine, kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea kwenye simu na ulilinganishe na jina la duka. Na mzigo ufungue pale pale kwenye ofisi ya vifurushi ya basi, huku mtu akirekodi.

Swali: Nina fremu ya nguo za watoto karibu na Barabara ya Sokoine. Kodi ya pango ni ya miezi sita kwa mkupuo, na wateja wanaingia, wanapima, wanapiga picha, kisha wanaagiza kwa winga wa Kariakoo, yule mtu wa kati anayeuza bidhaa za maduka ya wengine. Nifunge niuze kwa simu tu? (Dada mfanyabiashara, Arusha)

Jibu: Dada, tunaelewa uchungu wa kuona mtu anapima gauni kwako na kulinunua kwingine. Kabla ya kufunga, fanya hesabu ambayo wengi hawaifanyi: chukua kodi, umeme na mshahara wa msaidizi kwa mwezi, kisha uliza ni wateja wangapi wa simu waliokuamini kwa sababu tu walijua fremu yako iko wapi. Mwingine anakulipa kwa Lipa Namba akiwa Usa River kwa kuwa alishawahi kusimama mlangoni pako, au dada yake aliwahi. Ukifunga, utaingia kwenye kundi moja na yule muuzaji wa viatu wa barua iliyotangulia, machoni pa watu wasiokufahamu.

Tungekushauri utafute fremu ndogo zaidi, hata kama iko ndani kidogo na si mbele ya barabara, ambako mteja wa simu anaweza kuja kupima na kubadilisha saizi. Winga hawezi kumbadilishia mama wa Arusha gauni la mtoto siku hiyo hiyo. Wewe unaweza, na jambo hilo liandike wazi kwenye ukurasa wako pamoja na mahali ulipo. Bodaboda apeleke mzigo, mteja alipe akishauona. Na usikubali kulipa kilemba kikubwa, yaani malipo ya kuachiwa fremu mbali na kodi, kwa fremu mpya kwa fedha za mkopo, hata kama dalali anakuhakikishia kwamba mahali hapo panauza.