Sala ina saa yake na ina watu wake

Mhariri, Tumsifu Yesu Kristo.

Swali lenu la wiki linauliza tunaitunzaje imani kati ya Jumapili na Jumapili, katikati ya kazi, watoto na foleni. Majibu mengi mliyochapa toleo lililopita yaliweka mkazo kwenye moyo: sali unapoguswa, zungumza na Mungu kwa maneno yako mwenyewe, na msomaji mmoja akasema waziwazi kwamba sala za kukariri hazina uhai. Naomba nijibu kwa upande wa pili. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mama wa watoto, Mkatoliki. Kama ningekuwa nangoja kuguswa ndipo nisali, basi kuanzia sare za shule zinapoanza kumiminika mwezi wa kumi na mbili hadi shule zinapofunguliwa nisingefumbua kinywa mbele za Mungu. Kinachonishikilia ni saa na watu.

Nianze na saa. Kanisa limetupa sala ya Malaika wa Bwana: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Penye kanisa jirani kengele hugongwa. Kibandani kwangu kengele haifiki kwa sababu ya bodaboda na spika ya duka la simu, kwa hiyo nimetega simu ilie. Ikilia saa 6, mguu unatoka kwenye kanyagio, sindano naiacha imezama kitambaani ili mshono usihame, nasimama na binti anayejifunza kazi kwangu. Mimi naanza: "Malaika wa Bwana alimpasha habari Maria." Yeye anajibu: "Naye akapata mimba kwa uwezo wa Roho Mtakatifu." Tunaendelea hadi mwisho, Salamu Maria zote tatu, na tukifika kwenye "Neno la Mungu akatwaa mwili" tunapiga goti palepale kati ya meza ya kukatia na ndoo ya vipande. Dakika chache tu, kazi inaendelea. Mteja akitukuta tumesimama husubiri, na Wakristo wengi huitikia. Wateja wangu Waislamu ndio hawashangai kabisa, maana wao adhana huwatoa kazini kila siku.

Sala hii inanifaa kuliko nyingine kwa sababu ya mahali habari yake ilipotokea. Soma sura ya kwanza ya Luka polepole. Malaika Gabrieli anatokea mara mbili. Mara ya kwanza ni hekaluni, kwa Zakaria, kuhani, aliyekuwa kwenye zamu yake ya kufukiza uvumba, na Zakaria hakusadiki. Mara ya pili ni Nazareti, kwa Maria, na Biblia inasema malaika "akaingia nyumbani kwake". Nyumbani! Si kwenye sinagogi, wala si mlimani. Aliyeitikia "nitendewe ulivyonena" alikuwa msichana wa nyumba ya kawaida kwenye mji usio na jina. Nikiyasema maneno hayo huku shingoni nina futi ya kupimia, najua yalisemwa mara ya kwanza mahali pa namna hiyo.

Sasa hili la kukariri. Wanaolipinga hutaja Mathayo 6, pale Bwana anapokataza kupayuka-payuka. Ni kweli alikataza. Lakini wasifunge Biblia mapema, kwa sababu katika sura hiyohiyo, mistari michache chini yake, aliwapa wanafunzi Baba Yetu, sala yenye maneno yaliyopangwa. Na msalabani, saa ambayo angestahili kusema neno lolote la kwake, alisali Zaburi. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha" ni mwanzo wa Zaburi ya 22. "Mikononi mwako naiweka roho yangu" ni Zaburi ya 31. Maneno hayo aliyajua kwa moyo kama Myahudi yeyote aliyelelewa katika sala za watu wake. Kama Mwana wa Mungu katika uchungu ule alitumia maneno aliyofundishwa, mimi ni nani nidai kwamba langu lazima liwe jipya kila siku?

Kuna faida nyingine ambayo sioni ikitajwa. Maneno tuliyofundishwa wote yanaweza kusaliwa na watu wasiojuana. Mama mkwe wangu alipolazwa hospitali ya rufaa, usiku tulikaa kwenye korido pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, kila mmoja na kanga yake na mawazo yake. Mama mmoja wa makamo, kwa lafudhi nadhani alitoka Ifakara, akatoa rozari kwenye mkoba akaanza kwa sauti ndogo. Ilikuwa Jumanne, kwa hiyo akataja Matendo ya Uchungu, yaani mateso ya Yesu yanayotafakariwa siku hiyo. Alipomaliza nusu ya kwanza ya Salamu Maria, nusu ya pili ilijibiwa kutoka benchi la mbele yake, kutoka sakafuni karibu na mlango, na kutoka kwa mlinzi aliyekuwa amekaa kwenye ngazi. Hakuna aliyemuuliza mwenzake jina wala parokia. Sala ya kujitungia isingewezekana pale. Mmoja angesali, wengine tungesikiliza, na usiku ule hatukuwa na nguvu ya kusikiliza hotuba ya mtu.

Simaanishi mtu asizungumze na Mungu kwa maneno yake. Mimi huzungumza naye sana, hasa nikiwa napiga pasi. Lakini hayo hujengwa juu ya yale ya kukariri, na kuna siku maneno yangu hayapo.

Watu ndio jambo la pili, nami naona ndilo kubwa zaidi. Jumuiya yetu, yaani kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, ni ya Mtakatifu Karoli Lwanga, tunasali Jumamosi saa 12 na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Nieleze kidogo, maana rafiki yangu Mlutheri aliwahi kuniuliza kama ni kikao cha kamati. Mwenye zamu anatandika mkeka uani, anaweka kijimeza chenye kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa na Biblia. Wazee wanapewa viti. Tunaimba, tunasoma Injili ya Jumapili inayokuja, mtu mwingine anaisoma tena, kisha kimya. Baada ya hapo kila aliyeguswa na neno analitamka na kusema kidogo. Kuhubiri hairuhusiwi, na mwenyekiti wetu ni mkali kwa hilo, Mungu ambariki.

Mwaka juzi ilisomwa Injili ya mikate mitano na samaki wawili, kwa Yohane, pale anapotajwa mtoto mwenye chakula. Tulisema mengi ya kawaida. Kisha akasema dereva mmoja wa lori, mtu asiye na maneno mengi: "Huyo mtoto chakula chake alifungiwa na mama yake alfajiri. Mama hatajwi." Akanyamaza. Wanawake tuliokuwa pale tulitazamana. Nimeisikia Injili hiyo tangu utotoni, na sikuwahi kuona jiko langu ndani yake mpaka siku ile. Hilo hulipati ukisoma Biblia peke yako chumbani, hata usome sana.

Na baada ya Injili linafuata swali: neno hili linatutuma wapi wiki hii? Hapo ndipo tunaambiana kwamba fulani amejifungua, kwamba babu wa nyumba ya kona haonekani kanisani tangu mguu uanze kumuuma, kwamba kijana wa fulani amesimamishwa kazi na ameanza kunywa. Tunapangana nani aende kwa nani. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1976 walizifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa kipaumbele cha uchungaji katika nchi zetu, na nadhani hawakuwahi kupitisha jambo lenye busara zaidi.

Ingawa kwa kweli Afrika Mashariki ililijua hili kabla yao. Mwishoni mwa 1882 Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, waliondoka Buganda wakahamia kusini mwa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania ya leo, na hawakurudi hadi 1885. Nyuma yao waliacha wabatizwa wachache na wakatekumeni, yaani waliokuwa wakijiandaa kubatizwa, bila padre na bila Misa. Kwa hesabu za kibinadamu imani ile changa ilipaswa kufa. Waliporudi waliwakuta wameongezeka. Walikuwa wamesali na kufundishana nyumbani na kazini. Yosefu Mukasa Balikuddembe aliwalea vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, na alipouawa Novemba 1885 Karoli Lwanga akachukua nafasi yake. Kule Mityana, mbali na misheni, akina Matia Mulumba, Luka Banabakintu na Noa Mawaggali, ambaye alikuwa mfinyanzi, walikuwa nguzo ya kundi la waamini lililosali pamoja nyumbani. Kizito, kijana mdogo kabisa kati yao, alibatizwa na Lwanga ikuluni mwezi Mei 1886, hatari ikiwa mlangoni, na tarehe 3 Juni wote wawili waliuawa kwa kuchomwa moto Namugongo. Hao wote ni kati ya Mashahidi wa Uganda, ambao Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964. Tunapowahubiri tunakazia moto. Mimi nakazia ile miaka ya kabla, vijana wenye zamu na mabwana wa kuwatumikia, wakiibia nafasi ya kusali pamoja siku baada ya siku.

Kwa hiyo mtu akiniambia hana muda, nampa mfano wa karibu zaidi: Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kuhudhuria Misa asubuhi hata siku za kazi, naye alikuwa na nchi nzima mezani. Mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa Jimbo la Musoma, na sasa anaitwa Mtumishi wa Mungu.

Niseme pia yanayoniuma. Zipo jumuiya ambazo sala ni dakika kumi na michango ni saa nzima, bahasha juu ya bahasha, hadi asiye na kitu anaona aibu kuja. Wapo wanaohudhuria ili tu wasikose barua ya ubatizo wa mtoto au wasije wakazikwa bila padre. Na zipo zile jumbe za WhatsApp, "tuma sala hii kwa watu kumi kabla ya saa sita usiku uone muujiza". Nasema kwa upendo: hiyo si sala, ni kumtisha jirani yako. Kundi letu la simu linatumika kwa masomo ya siku, taarifa za wagonjwa na nyumba ya zamu, basi.

Nyumbani tunasali usiku kabla ya kula, kwa sababu baada ya kula watoto wanalala. Anaongoza mdogo kuliko wote anayeweza. Ni fupi: Baba Yetu, Salamu Maria, sala ya kutubu, kisha kila mmoja anamtaja mtu mmoja wa kuombewa. Mume wangu akiwa safarini tunampigia, anaitikia kwenye spika. Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, linaagiza maneno ya Mungu wafundishwe watoto uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Katekista hawezi kuifanya kazi hiyo kwa saa moja ya Jumamosi, hata awe hodari namna gani.

Kijana aliyeandika wiki iliyopita kwamba amehamia Dodoma kikazi, anakaa peke yake na imani inapoa, namwomba afanye hivi. Mdogo wangu, nenda ofisi ya parokia, taja mtaa unaokaa, watakuambia jumuiya yako na namba ya mwenyekiti. Jumamosi nenda, usingoje kualikwa wala usibebe kitu. Watakuuliza jina na nyumba unayokaa, na wakiwa kama wa kwetu, kabla wiki haijaisha kuna mtu atabisha hodi kwako. Zamu yako ikifika ipokee hata kama umepanga chumba kimoja. Kama huna kijimeza, geuza ndoo na uifunike kanga safi, uweke msalaba juu yake. Kwetu tumeshasali hivyo.